Kuepuka Si Kukwepa

Kazi ya ukalimani hospitalini ina kiapo cha siri. Kwa hiyo sitasema ni nani aliyekaa kwenye kiti cha pili katika chumba kile cha kliniki, mashariki mwa London, wala shida gani ilimleta. Ninachoweza kusimulia ni habari za neno. Mwanasaikolojia alisema sentensi moja fupi ya Kiingereza, akanigeukia, akangoja. Nikaitoa kwa Kiswahili kama inavyopatikana kwenye kamusi: tatizo, nikasema, ni kwamba unaepuka hisia zinazokuumiza. Uso wa msikilizaji ukakunjuka. Akaitikia kwa kichwa, tena kwa fahari kidogo, kama mtu aliyesifiwa.

Alikuwa na haki. Sisi tumelelewa kuepuka. Tunausiwa tuepuke shari, tuepuke ugomvi, tuepuke makundi mabaya. Tunamwomba Mungu atuepushe na mabaya. Kwenye kuta za vituo vya afya kumeandikwa tuepuke maambukizi. Sijapata kumsikia Mswahili akilaumiwa kwa kuepuka. Mtaalamu alitaja tatizo, mimi nikatafsiri sifa, na kwa dakika kadhaa watu wawili waliendelea kuzungumza kila mmoja akiwa na jambo lake, na kosa lilikuwa langu.

Istilahi iliyokuwa ndani ya sentensi ile ni ya maneno mawili kwa Kiingereza, experiential avoidance: la kwanza ni la yale ambayo mtu anayapitia ndani yake, la pili ni la kuepuka. Ilipata nguvu mwaka 1996, Steven Hayes wa Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno, na wenzake wanne walipoandika makala ndefu wakidai kwamba matatizo mengi ya akili yanayopewa majina tofauti, kuanzia ulevi hadi hofu kuu, yana mwenendo mmoja chini yake. Nikiueleza kwa maneno yangu, mwenendo huo ni huu: mtu hataki kukaa na kitu kinachopita ndani mwake, kiwe hisia, wazo, kumbukumbu, au hata mapigo ya moyo na jasho la viganja. Basi hutafuta kila njia akibadilishe, akipunguze, au asikutane na chochote kitakachokiamsha. Na huendelea hivyo hata pale njia hizo zinapomdhuru.

Kipande hicho cha mwisho ndicho roho ya istilahi, na ndicho kilichopotea mdomoni mwangu. Si kila kugeuza uso ni ugonjwa. Waliowahi kukaa matangani wanajua kwamba usiku wa pili watu hucheza karata na kusimuliana vichekesho huku mfiwa akiwa katikati yao, na hakuna anayewaona kuwa wamekosea. Huko ni kuliwazana. Saa moja baadaye mfiwa atalia tena, na wale wale waliokuwa wanacheka watamshika mkono. Maumivu hayakufungiwa nje. Istilahi ya Hayes inamzungumzia mwenye kuufunga mlango, akaweka komeo, kisha akalazimika kukaa pale pale kuulinda.

Sasa tuyatazame maneno yetu. Epuka ina undugu na epua, ambacho ni kitenzi cha jikoni: mpishi huepua chungu, hukiondoa motoni. Mwenye kuepuka, basi, ni kama chungu kilichotolewa jikoni. Moto umebaki kwenye mafiga, yeye ameshatengwa nao. Ndiyo maana neno hili linafaa kwa ugomvi, kwa kipindupindu, kwa njia yenye majambazi, vitu vilivyoko nje ya mtu ambavyo kweli anaweza kuviacha nyuma. Hofu haiko kwenye mafiga. Iko ndani ya chungu, na kila unakokipeleka inakwenda nacho.

Kukwepa ni kingine. Anayekwepa jiwe anajua limesharushwa. Bondia hukwepa ngumi iliyokwisha kutoka begani mwa mwenzake. Mdeni humkwepa mdai: akimwona anatokea kona ya mtaa, huingia uchochoroni, na deni hubaki lile lile, pengine linaongezeka. Nairobi watasema anahepa, na maana haiko mbali. Katika neno hili hakuna sifa. Kuna mwili unaopinda haraka, na kuna jambo ambalo bado linakuja.

Wanaoandika habari za kodi kwa Kiswahili wameshaiona tofauti hii. Kupanga mambo yako kwa kufuata sheria ili ulipe kidogo huitwa kuepuka kodi. Kuficha mapato ni ukwepaji kodi, na ukwepaji kodi ni kosa. Nilikuwa naijua tofauti hiyo siku ile kliniki, na nilikuwa na sababu mbaya ya kuijua.

Mkalimani hapa London mara nyingi ni mtu aliyejiajiri, na aliyejiajiri huwasilisha ritani yake ya kodi kwa njia ya mtandao kabla ya tarehe 31 Januari kuisha. Mwaka ule sikuwasilisha. Sikuwa na mapato ya kuficha. Nilikuwa nimechoka, na hesabu zangu zilikuwa vipande vya karatasi ndani ya mkoba. Februari ikaja bahasha ya kahawia. Wanaoishi Uingereza wanazijua bahasha hizi, za rangi ya udongo mkavu, zenye kidirisha cha nailoni ambamo jina lako linachungulia. Nilipoiona sakafuni, chini ya tundu la barua, tumbo lilinikata. Nikaiweka juu ya friji, na papo hapo tumbo likatulia.

Utulivu huo ndio ulionifunga. Mwanasaikolojia wa Marekani O. H. Mowrer alikwisha kuueleza mwaka 1947: kwanza mtu hujifunza kuogopa kitu, kisha kila anapokikimbia nafuu anayoipata humfundisha kukimbia tena. Mwili wangu ulipata somo kwamba ukiweka bahasha juu ya friji unapona. Ya pili ilikwenda huko haraka zaidi. Baadaye nikaacha kutazama juu ya friji. Kisha nikaacha kula jikoni, nikawa nachukua sahani naingia nayo chumbani. Nikaacha kupokea simu za namba nisizozijua, na nyingine kati ya hizo zilikuwa za watu wanaoniita kazini. Rafiki yangu mmoja, mtunza hesabu, alinialika kula pilau siku ya Idi. Sikwenda, kwa sababu angeuliza. Nilitamani kwenda. Watoto wake walinipigia simu ya video wakiwa wamevaa nguo mpya, nikaiacha simu iite mpaka ikanyamaza.

Ninalitaja pilau hilo kwa makusudi. Mtu anayekwepa hofu hudhani anaikwepa hofu peke yake. Mwaka 2006 Todd Kashdan wa Chuo Kikuu cha George Mason na wenzake walitoa utafiti ambamo watu waliandika kila siku, kwa siku 21, jinsi siku yao ilivyokwenda. Waliokuwa na tabia ya kukwepa ya ndani walikuwa na hisia mbaya zaidi katika siku za kawaida, na pia walikuwa na hisia nzuri chache. Furaha na hofu hupita mlango mmoja. Bahasha ya kodi na sauti za watoto siku ya Idi, kwangu, zilikuwa zimeshakuwa upande mmoja wa nyumba, upande nisioingia.

Na wakati huo gharama inaongezeka. Kwa sheria ya wakati ule, ukichelewesha ritani hata kwa siku moja faini ni pauni 100. Ikipita miezi mitatu huongezwa pauni 10 kila siku, kwa muda usiozidi siku 90. Hakuna aliyekuwa ananitendea ubaya. Yote yalikuwa yameandikwa ndani ya bahasha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachoieleza hali ile kuliko vyote nilivyovitaja, nacho ni kujisahaulisha. Ukikifungua utaona kilivyojengwa: mna ji- ya mtu mwenyewe, mna sahau, na mna kiambishi cha kusababisha. Mtu anajisababishia kusahau. Anayesahaulisha na anayesahaulishwa ni mmoja, na hapo ndipo kazi inaposhindikana, maana ili uhakikishe kwamba umelisahau jambo, sharti mmoja wenu abaki analikumbuka.

Mtu mmoja aliyepita London aliliandika jambo hili zamani. Mwaka 1862 mwandishi wa Urusi Dostoevsky alifika mji huu akakaa kama juma moja, akatembea usiku katika eneo la Haymarket akitazama umaskini wake, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari zake za Ulaya ya magharibi. Humo alipachika jaribio dogo: jilazimishe kutomuwaza dubu mweupe, uone kama hatakujia kila dakika. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake, huko Marekani, walilichukua jaribio hilo wakalifanya sayansi. Watu waliambiwa wakae dakika tano wakisema kila kinachowajia akilini, ila wasimuwaze dubu mweupe. Akija, wagonge kengele. Kengele ililia zaidi ya mara moja kwa dakika. Ajabu zaidi ni kilichofuata: waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza mara nyingi kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa tangu mwanzo. Wegner alieleza baadaye kwamba kichwani hubaki mlinzi anayepitapita kukagua kama wazo lililokatazwa limeingia, na kwa kazi hiyo mlinzi mwenyewe ndiye anayeliingiza. Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka jinsi nilivyokuwa napita jikoni nikiwa nimeinamisha macho. Hakuna mahali katika nyumba ile nilipopajua vizuri kama juu ya friji.

London imechangia sana kutafuta njia ya kutoka katika hali hii. Katika Hospitali ya Middlesex, mwaka 1966, Victor Meyer aliandika habari za wagonjwa wawili waliokuwa wanatawaliwa na vitendo vya kurudiarudia. Aliwakutanisha na kile walichokiogopa, huku wakizuiwa kukimbilia kitendo kilichozoea kuwatuliza, na wakapata nafuu kubwa. Kusini mwa Mto Thames, huko Denmark Hill, Isaac Marks, daktari aliyezaliwa Cape Town, aliifanya njia hiyo ya kukikabili kinachoogofya hatua kwa hatua kuwa tiba ya kawaida ya hofu, na katika miaka ya 1970 akaanza kuwafundisha wauguzi kuitoa wenyewe. Mwaka 2006 wilaya ya Newham, ambako Waafrika Mashariki si wachache, ilikuwa mojawapo ya sehemu mbili tu za Uingereza, pamoja na mji wa Doncaster, zilizochaguliwa kujaribu tiba za mazungumzo kwa umma. Newham iliwaruhusu watu wajipeleke wenyewe bila kupitia kwa daktari. Ilionekana kwamba waliojipeleka walifanana zaidi na mchanganyiko halisi wa makabila na mataifa ya wilaya ile kuliko waliopelekwa na madaktari. Takwimu hiyo hunigusa kila ninapoikumbuka. Husemwa kwamba watu wetu hawataki kuzungumza ya ndani, lakini mlango ulipowekwa chini, walipoweza kuufikia, waliingia.

Huko New Cross, katika chuo cha Goldsmiths, Frank Bond aliipeleka istilahi kazini. Yeye na David Bunce mwaka 2003 walitoa utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 400 wa vituo vya simu vya taasisi moja ya fedha ya Uingereza. Waliofuatiliwa kwa mwaka mzima walionyesha kwamba mwenye uwezo wa kukaa na hisia zake bila kupigana nazo alikuwa na afya bora ya akili, na hata makosa yake kwenye kompyuta yalikuwa machache. Bond pia aliongoza kazi ya kutengeneza dodoso fupi la sentensi saba, lililochapishwa mwaka 2011, ambalo sasa hutumika nchi nyingi kupima tabia hii. Wapo wataalamu wanaolikosoa: wanasema linapima dhiki yenyewe kuliko linavyopima namna mtu anavyoikimbia dhiki. Nadhani wana hoja. Na nadhani tutakapolitafsiri dodoso kama hilo kwa kitenzi cha kuepuka, tutaongeza kosa jingine juu ya hilo, kwa kuwa Mswahili ataulizwa kama ana sifa njema, naye atajibu ndiyo.

Limebaki neno la kwanza, lile la yanayopitiwa. Uzoefu halifai, kwetu uzoefu ni ujuzi wa kazi, matangazo ya ajira hudai uzoefu wa miaka mitatu, na ukwepaji wa uzoefu ungesikika kama uvivu. Tajriba ni neno zuri la wasomi, lakini sijawahi kulisikia likitamkwa na mtu anayeumwa. Hisia linakaribia. Uzuri wake ni kwamba linashika mwili na moyo kwa pamoja: unahisi baridi, unahisi huzuni. Ila mawazo na kumbukumbu hubaki nje yake. Ningependa kurudi kwenye moyo wenyewe, kwa sababu moyo wa Kiswahili ni mpana. Mtu husema moyoni, yaani anawaza. Huweka moyoni, yaani anakumbuka. Huhifadhi kwa moyo alichosoma chuoni. Moyo humwenda mbio, humuuma, humsuta. Yote ambayo Hayes na wenzake waliyaorodhesha yamo humo tayari. Iwapo neno hili litafika siku moja mezani kwa BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ningeomba ukwepaji hisia liandikwe kwenye orodha ya istilahi, maana ni fupi na limekaa sambamba na ukwepaji kodi. Na katika chumba cha kliniki, mbele ya mtu, tuseme kukwepa ya moyoni.

Upande wa pili wa istilahi, yaani kile mtu anachoalikwa kufanya badala ya kukwepa, ndio unaonipa taabu zaidi. Kukubali husikika kama kutia sahihi fomu. Kuvumilia na kustahimili ni maneno mazito yenye heshima, lakini yametumika mno kuwanyamazisha watu, hasa wanawake, kiasi kwamba ukimwambia mama avumilie ataelewa kuwa asiseme. Jikaze ni baya kuliko yote. Jikaze ndiyo amri yenyewe ya kukwepa. Nimeridhika na msemo mmoja wa zamani ambao umeeleweka vibaya. Kupiga moyo konde wengi hudhani ni kuuadhibu moyo unyamaze. Sivyo. Apigaye moyo konde ni mtu anayeogopa na anayejua kwamba anaogopa, naye anakwenda hivyo hivyo, moyo ukiwa unadunda chini ya ngumi yake.

Siku ile kliniki nilimwomba mwanasaikolojia radhi, nikasema nimekosea neno, na nikaomba kurudia. Nikamgeukia msikilizaji nikasema: si kwamba unayaepuka, unayakwepa ya moyoni, kama mtu anavyomkwepa anayemdai. Hakuitikia kwa kichwa. Alitazama mikono yake kwa muda mrefu. Nami, ambaye kazi yangu ni kuwa sauti tu, nilihisi uso unanipata moto, kwa sababu nilikuwa nimelisema kwa lugha yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, na bahasha zilikuwa nyumbani.

Jioni nilizishusha. Zilikuwa saba. Mbili zilikuwa za faini, ya pili nzito kuliko ya kwanza. Moja ilikuwa ya mtu aliyeishi pale kabla yangu. Nyingine zilikuwa vikumbusho vya tarehe na namba za simu za kuomba kulipa kidogo kidogo. Mikono ilitetemeka hadi ya mwisho. Nilikuwa nimengoja kwamba hofu ikiisha ndipo nifungue, na haikuisha, nikafungua nayo.

Dada yangu mkubwa, aliyeko Tanga, hunipigia kila Jumapili. Miezi ile yote nilikuwa namjibu kwa neno moja na kipachiko chake: nzuri tu. Salamu zetu si za kufungia watu mdomo. Huanza kwa nzuri, kwa adabu, kisha huacha nafasi ya ila: nzuri, ila mtoto anakohoa, salama, ila mvua zimekataa. Hiyo ila ndiyo sehemu ambayo mwulizaji anaingojea. Mimi nilikuwa nimeikata, nikaweka tu mahali pake, na nilijua kwamba dada ameisikia ilivyokatika.

Jumapili iliyofuata simu iliita nikiwa nimekaa jikoni.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba mdogo wangu. Habari za huko?”

“Nzuri,” nikasema. “Ila.”

Hakuuliza ila nini. Nilimsikia akivuta kiti, halafu akimwambia mtu aliyekuwa naye apunguze sauti ya redio.